Masikio ya Koplo Kinuthia

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, jua la Julai bado halijapata nguvu mtaani Makongeni, mjini Thika, na Nekoye anamkata askari sikio.

Anatumia kipande cha msumeno wa chuma, pole pole, mkono wa kushoto umeshika paji la uso kama kinyozi. Vumbi jeupe linamwangukia kwenye aproni. Askari mwenyewe ametulia tuli. Ni kichwa, mabega na kifua tu, vilivyotengenezwa kwa rezini na nyuzi za faiba, na amepakwa rangi hadi vifungo vya shati. Wiki jana alikuwa amekamilika. Sasa sikio la kushoto linaanguka mezani, na baada ya muda la kulia linafuata.

"Pole, mzee," Nekoye anamwambia, kisha anajicheka. "Ukikaa na mtu wiki sita, lazima muongee."

Nekoye ana miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, na mikono yake haitoki rangi hata aisugue kwa mafuta ya taa. Karakana anayofanyia kazi ni kibanda cha mabati. Mkate wa kila siku hapa hutoka kwa matangi ya maji, mabeseni ya kuogea na vichwa vya plastiki vya kuonyeshea kofia dukani. Mwenye karakana, Kagwe, ndiye fundi wa kalibu. Nekoye huunganisha, hupiga msasa na kupaka rangi.

Askari aliye mezani ni Koplo Kinuthia, mtu wa Murera, upande wa Ruiru. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na mwaka wa 1943 alipelekwa kupigana na Wajapani huko Bama, yaani Burma. Hakurudi. Barua iliyofika nyumbani ilisema amepotea. Haikusema amekufa, na mkewe, Nyawira, ameishikilia tofauti hiyo kwa miaka hamsini na ushei.

Hana kaburi. Hana picha. Mwaka huu wa 1995, watu wakikumbuka miaka hamsini tangu vita vile viishe, mwanawe Simeon alionelea kwamba imetosha: mzee afanyiwe maombi ya kuagwa pale nyumbani, na sanamu yake isimame mahali ambapo pangekuwa kaburi. Simeon alizaliwa miezi minne baada ya baba yake kuondoka. Ana miaka hamsini na miwili, na hajawahi kumwona.

Nyawira alikubali, lakini aliweka sharti.

"Mnionyeshe kwanza," alisema. "Nikimjua, nitamuaga. Nisipomjua, hakuna maombi. Siwezi kuaga mtu simjui."

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu Nyawira ana ugonjwa wa presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha kabisa, na hili la kushoto daktari amesema halitamaliza mwaka. Kama Kinuthia ataonekana tena na macho ya mke wake, ni sasa.

Sura ilitoka wapi basi, bila picha? Ilitoka kwa Simeon. Murera nzima husema yeye na baba yake ni mtu mmoja. Kagwe alimlaza kwenye benchi, akamtia mirija miwili puani, akammwagia plasta usoni.

"Nilidhani wananizika mimi badala ya mzee," Simeon anasema.

Kutoka kwa ile plasta, Nekoye alimrudisha mtu wa miaka hamsini na miwili hadi ishirini na mitano. Alijaza mikunjo, akapunguza mashavu, akakaza shingo. Kichwa kilitengenezwa nusu mbili, mbele na nyuma, kifua peke yake, kofia peke yake, masikio peke yake. Kila kipande kilitolewa kwenye kalibu iliyosuguliwa polishi ya sakafu ili kisigande. Kisha vikaunganishwa, na viungo vikafutwa kwa msasa na puti, ile ile ya kuziba magari yaliyogongwa.

Halafu ikaja rangi, na kwa rangi Nekoye hana mpinzani. Kwa miaka kumi na moja alichanganya dawa za kutia nguo rangi katika kiwanda kimoja hapa Thika. Mitumba ilipojaa sokoni, kiwanda kikapunguza watu mia mbili kwa siku moja, naye akiwemo. Alitoka na barua, na jicho la kupima rangi ambalo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

"Watu hufikiri mtu mweusi ni mweusi," anasema. "Wee! Mpake mtu rangi nyeusi ya mkebe uone, utapata buti. Chini ya ngozi kuna wekundu, kuna manjano, wengine wana ubuluu. Mimi huanza na wekundu. Halafu namjenga mtu pole pole juu yake."

Huyu alimpaka mara saba, kila mara nyepesi kama chai ya maziwa haba. Kila tabaka alilitoa nje juani, akaweka mkono wa Simeon kando yake, akalinganisha.

Jumamosi iliyopita Nyawira aliletwa Thika. Akaketishwa kwenye debe lililopinduliwa, askari akawekwa mbele yake. Alisogeza uso karibu hadi pua ikataka kugusa pua. Akaona haitoshi, akaanza kwa mikono. Paji la uso. "Ĩĩ," ndiye. Pua. "Ĩĩ." Mdomo. Hapo alikaa sana, na Simeon akaanza kufuta machozi. Kisha vidole vikafika masikioni, vikasimama.

"Huyu ni Simeon," akasema.

Akaiondoa mikono.

"Haya masikio ni ya kanisani," akaendelea, sasa amekasirika. "Kinuthia alikuwa na ndewe. Mnaniletea mtoto wangu, mnaniambia ni bwana yangu?"

Akaomba fimbo yake, akaenda zake.

Kosa lilikuwa la wazi, na ndiyo maana liliuma. Vijana wa Kikuyu wa rika la Kinuthia walitoga masikio, na ncha ya chini ya sikio ikapanuliwa hadi ikaning'inia kama kitanzi. Walioingia jeshini waliambiwa wasiende kwenye gwaride na masikio yanayobembea. Basi walikuwa wakikizungusha kile kitanzi na kukitundika juu ya sikio. Simeon alilelewa na wamishonari, waliokataza kutoga. Masikio yake ni mazima, na masikio hayo hayo ndiyo aliyovikwa baba yake.

"Mimi ni Mbukusu, ningejuaje?" Nekoye anasema. "Lakini Kagwe ni Mkikuyu wa Gatundu! Nilimwangalia hivi, yeye akaangalia chini."

Kagwe hajitetei. "Babangu alikuwa na masikio kama hayo. Nilikuwa nikiyavuta nikiwa mtoto, ananichapa. Na sikukumbuka. Mpaka saa hii nashangaa."

Maombi yalikuwa yamepangwa Jumapili ya wiki hii. Kagwe alitaka njia ya mkato: kofia ishushwe kidogo, masikio yafichwe, maisha yaendelee. Nekoye alikataa katakata.

"Kofia ya Bama imekunjwa juu upande wa kushoto. Sikio litafichwa na nini? Na hata likifichika machoni, yule shosho ana mikono. Nikimdanganya huyo, mimi nitalala aje?"

Kesho yake Nyawira alipoondoka, Jumapili asubuhi, alipanda basi hadi Ruiru, akatembea hadi Murera na kilo mbili za udongo wa kufinyanga kwenye mfuko wa nailoni. Nyawira alikuwa uani akichambua maharagwe kwa vidole. Hakuinua uso.

"Umeleta masikio mengine ya duka?"

"Hapana, shosho. Nimekuja kuomba unionyeshe. Mimi sijui."

Nyawira akaendelea kuangusha maharagwe kwenye ungo. Halafu akafungua kitambaa cha kichwani. Na yeye alitogwa akiwa msichana, kama wenzake wote. Akachukua ncha ya sikio lake, ndefu na laini, akaizungusha kidoleni, akaitundika juu ya sikio. Akaitundua. Akaitundika tena.

"Leta mkono," akamwambia. "Usiangalie. Shika."

Nekoye alishinda pale mchana kutwa. Alifinyanga sikio la kushoto mara nne, na mara tatu Nyawira alilibonda likawa donge. La kwanza lilikuwa nene. La pili lilikaa kama hereni. La tatu, akasema, lilikuwa la mwanamke. Kati ya la tatu na la nne alisimulia jambo ambalo hata Simeon hakuwa amelisikia.

Kinuthia alipokuja likizo mara ya mwisho, kila asubuhi alifanya gwaride pale uani peke yake ili asisahau. Nyawira ndiye aliyemtundikia masikio. La kulia lilikaa. La kushoto lilikuwa na kichwa kigumu. Akipiga hatua tatu, limetoroka. Jeshini lilimtia taabu, kwani liliwahi kumchomoka mbele ya ofisa, akakimbizwa kiwanja kizima na bunduki juu ya kichwa.

"Siku alienda, nilimtundikia hapo kwa mlango," Nyawira alisema. "Nikamwambia, usitingishe kichwa. Hajafika mtoni, nikaliona linaning'inia. Nikamwita. Hakusikia."

La nne hakulibonda.

Ndiyo maana Alhamisi hii Nekoye anakata. Anayaweka masikio ya Simeon kando, anasafisha mahali palipobaki kovu, na kuchukua mapya yaliyotoka kwenye kalibu jana. Shida ni baridi. Asubuhi za Julai hapa Thika rezini hukataa kushika, na Kagwe anashauri dawa ya kugandisha iongezwe.

"Ukiongeza, inashika leo na kupasuka Krismasi," Nekoye anajibu. Anaweka kikombe cha rezini ndani ya sufuria ya maji ya moto, anakoroga kwa kijiti, anapuliza vidole. Sikio la kushoto analishikilia mahali pake kwa mkono, bila kutikisika, kwa dakika arubaini. Akiulizwa kama mkono haumuumi, anasema utauma kesho.

Ijumaa ni ya msasa na rangi. Masikio hayapakwi kama shavu. Ngozi yake ni nyembamba, jua hupenya, basi wekundu lazima uachwe uonekane. Pale kitanzi kinapopita juu ya sikio anapaka kivuli kwa brashi ya nywele chache. Jioni anafunga askari kwa blanketi la watoto wake.

Jumamosi saa nne, pikapu ya jirani ya Simeon inaingia Murera. Uani kuna viti vya kukodi kwa ajili ya maombi ya kesho, ambayo hakuna anayejua kama yatakuwepo. Nyawira ameketi pale pale penye mlango. Askari anawekwa kwenye meza mbele yake, blanketi linaondolewa, na Nekoye anarudi nyuma hadi mgongo unagusa ukuta. Hajanywa chai tangu asubuhi.

Mikono inaanza juu. Kofia. Paji la uso. Pua. Mdomo. Sikio la kulia, kwa haraka, kama mtu anayepita mlango anaoujua. Kisha la kushoto.

Hapo vidole vinatulia. Vinazunguka kile kitanzi, vinakishika, na bila Nyawira kuonekana kama anafikiri, vinakisukuma juu, kukitundika vizuri. Hakisogei. Anasukuma tena. Anavuta. Hakitoki.

"Ngai," anasema polepole. Anaanza kucheka, na kicheko kinamgeukia kilio katikati, na hakifichi. Anamshika askari mashavu yote mawili, anasogeza jicho lake moja karibu kabisa.

"Kinuthia. Leo halitoki. Sasa unaweza kwenda."

Simeon anapiga magoti karibu na kiti cha mama yake. Ni yeye anayeuliza kama wapishi waitwe, na mama yake anamwambia waitwe, na kwamba mbuzi awe mkubwa.

Nekoye yuko nje karibu na tangi la maji, analia waziwazi na kujifuta kwa aproni yenye rangi. "Siyo huzuni," anasema. "Nilikuwa naogopa sana, ndiyo maana."

Angeweza kuishia hapo, arudi kwenye mabeseni yake. Lakini Nekoye ana nyanya Kimilili, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye kaka yake alienda na Keya mwaka huo huo na hakuonekana tena. Hata kaka huyo hana picha. Desemba, watoto wakifunga shule, Nekoye atapanda basi na udongo wake mwenyewe, na Kagwe amekubali kumpa wiki mbili na kalibu.

Ataanza na nini, sura au kifua?

Anatikisa kichwa, huku akikunja blanketi. "Sitaanza na udongo. Nitakaa chini, nimwambie nyanya, kukhu, leta mkono, nishike. Akimaliza kunionyesha, ndiyo nitafungua mfuko."