Sekunde Tisa za Saluni ya Joubert Park

Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika kampuni ya Wakorea kule Sandton, Johannesburg, idara ya usafirishaji wa mizigo, wakati mwenzangu mmoja alipoletwa kutoka Seoul. Tulipewa meza zinazotazamana. Yeye alikuwa na miaka thelathini na kitu, mimi arobaini na tatu, na wiki ya pili tu alinieleza kwamba kwao mwanamke hamwiti kwa jina mwanamke aliyemzidi umri. Ana neno lake la kumwita. Nikamwambia hata sisi tunalo, ndilo hilo dada. Akalishika siku hiyo hiyo. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao, lakini mimi nilikuwa dada tangu asubuhi hadi jioni.

Alikuwa mpweke. Alipiga video za maisha yake hapa na kuziweka mtandaoni kwa Kikorea: namna tunavyosimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, umeme ukikatika, mvua ya mawe, bei ya maparachichi. Waliomtazama walikuwa wachache, wengi wao marafiki wa mama yake.

Jumamosi moja aliniomba nimpeleke ninakosukwa nywele. Kazini Wakorea walikuwa wameonywa wasikanyage katikati ya jiji, kwa hiyo alinishika mkono kuanzia Park Station hadi Joubert Park. Msusi wangu ni mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, anasukia katika chumba cha chini cha ghorofa moja ya zamani. Alimtazama mgeni wangu juu hadi chini.

"Mama, huyu Mchina yako anatafuta nini huku?"

"Ni Mkorea."

"Ni sawa tu. Akae pale."

Alikaa saa tano. Aliweka simu kwenye rafu ikawa inarekodi, akawa anamkabidhi msusi vishungi vya nywele za bandia kimoja kimoja. Mwishoni msusi alichukua kiberiti cha gesi akaanza kuunguza ncha za misuko, kama kawaida. Nywele za bandia zikiungua zinanuka plastiki. Mwenzangu akanyanyua msuko mmoja kutoka begani kwangu kwa vidole viwili, akaziba pua kwa mkono wa pili, akacheka. Msusi akampiga kikofi mkononi. Nilicheka hadi machozi.

Video nzima ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Aliiweka Jumapili. Kufikia Jumatatu mtu asiyejulikana alikuwa amekata sekunde tisa na kuzitupa kwenye moja ya yale majukwaa makubwa ya kwao, ambapo watu huandika bila majina. Katika sekunde hizo tisa kiberiti hakimo. Kuna mwanamke Mwafrika ameketi, na Mkorea ameshika nywele zake huku ameziba pua. Juu yake mtu aliandika: harufu ya Afrika.

Binti yangu ndiye aliyeniletea. Ana miaka kumi na sita, amezaliwa hapa hapa Johannesburg, Kiswahili changu anakielewa lakini hunijibu kwa Kiingereza. Kikorea alijifunza mwenyewe kwa nyimbo na tamthilia. Alikuwa na ukurasa wake wa mashabiki ambako alikuwa anaandikiana na wasichana wa kule kuhusu kundi fulani la waimbaji. Alisimama mlangoni pa jikoni na simu mkononi.

"Mama, huyu ni wewe?"

Nikatazama. Nikamwambia anisomee watu wanasema nini.

"Wanasema ni nyingi."

"Nini nyingi?"

"Nywele."

"Na haya maoni yaliyopendwa na watu wengi?"

Alisogeza skrini kwa kidole gumba. "Wanauliza huwa unaziosha vipi."

Nilimwamini. Nilirudi kwenye sufuria yangu.

Kazini mwenzangu alikuja macho yamevimba. Aliniambia ameandika kila mahali kuomba ile video ifutwe, na kila ikifutwa inatokea mahali pengine. Kwa siku mbili nilichekwa mimi. Siku ya tatu upepo ukageuka. Wakatokea wengine, wenye hasira, wakasema yeye ameitia nchi aibu, kwamba dunia nzima itasema Wakorea ndivyo walivyo. Hao ndio walikuwa wabaya zaidi. Wakaanza kumchimbua: picha zake za shule, alama zake za chuo, hadi duka la mama yake. Mtu akajitokeza, akidai alisoma naye, akaandika kwamba zamani alikuwa anawafungia wenzake chooni. Katika zogo lote hilo sikusikia hata mtu mmoja akiuliza yule mwenye nywele ni nani, ana jina gani, ameionaje.

"Ni kweli hayo ya choo?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nimesimama pale. Mlango hawakunipa mimi nifunge. Lakini nilikuwa nimesimama pale."

Kufikia jioni ya siku hiyo, Jumatano, walikuwa wamelijua jina la kampuni. Simu zikaanza kulia kutoka makao makuu.

Kwao kuna desturi: ukikosea mbele ya umma unaandika barua ya kuomba radhi kwa mkono wako, kwenye karatasi nyeupe, unaipiga picha na kuibandika mtandaoni. Alhamisi nilimwona akiandika mezani kwake wakati wa chakula cha mchana. Alichana nakala mbili. Ya tatu akaibandika, na wale watu wakaisahihisha kama insha ya mtihani. Mwandiko ni mzuri kupita kiasi, hajalia huyu. Ameandika "kama kuna aliyeumia," kwani hajui kama yupo? Aya ya pili ni ya kujitetea. Mwingine alipima nafasi kati ya mistari.

Jioni hiyo, nikiwa kwenye treni kutoka Sandton, nilichukua programu ya kutafsiri nikaanza kuyasoma maoni mwenyewe. Sikuwa na sababu ya kumshuku binti yangu. Nilitaka tu kuona watu wamefikia wapi na ile barua. Programu haikunionea haya. Nilisoma nyani. Nilisoma kwamba nanuka hadi nje ya skrini. Nilisoma swali la mtu aliyetaka kujua kama viumbe kama sisi huona aibu, na chini yake mamia ya watu wanacheka. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia, sharp, niko sawa.

Kisha nikaona akaunti yenye picha ya paka wetu.

Iliandika kwa Kikorea: Huyo ni mama yangu. Huyo aliyeziba pua anafanya kazi naye Sandton. Ikataja jina la kampuni na cheo cha mwenzangu. Mwandikieni bosi wake.

Binti yangu alikuwa sebuleni akifanya kazi za shule. Nilimwekea simu juu ya daftari.

"Ulikuwa unanisomea nini wewe, siku zote hizi?"

Hakujitetea kuhusu hilo. Alisema hakuna mtoto ambaye angeyasoma maneno yale kwa sauti mbele ya mama yake. Nikamuuliza kuhusu akaunti ya paka. Hapo akaanza kulia.

"Unamjua yule dada," nilimwambia. "Amekula hapa. Na ulijua kuna kiberiti, nilikusimulia."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka waache kukucheka," alisema. "Walipompata yeye, wakakuacha wewe."

Lililonichoma ni kwamba lilikuwa kweli. Nilihesabu siku kichwani. Tangu alipoandika yale, hakuna aliyenitaja tena.

Asubuhi meneja aliniita ofisini na, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, akaniita Madam. Alikuwa na karatasi yenye maneno matatu au manne ya Kiingereza ya kusoma mbele ya kamera, kwamba nimemsamehe mwenzangu. Niliomba nizungumze na mwenzangu kwanza. Nilimkuta kwenye ngazi za dharura.

"Usifanye, dada," aliniambia. "Watasema umelazimishwa."

Nilifanya. Nilikuwa na sababu yangu ambayo sikuweza kumwambia. Lakini karatasi ya meneja niliiweka kando, nikaeleza mwenyewe kila kitu: kiberiti, harufu ya plastiki, kikofi cha msusi, jinsi nilivyocheka. Nikasema pia kwamba nimeyasoma waliyoniandika, na kwamba radhi yangu mimi naidai kutoka kwao. Nilizungumza dakika nne. Kampuni ikabakiza sekunde chache: uso wangu, "she is my friend," na "nimemsamehe" kwa maandishi ya Kikorea. Kiberiti kikakatwa mara ya pili. Na kama mwenzangu alivyosema, maoni yalikuja: tazama macho yake, anasoma. Wamemtisha.

Kabla mwezi haujaisha aliitwa nyumbani. Hawakusema amefukuzwa, walisema amehamishwa, lakini kadi yake ya mlango ilichukuliwa siku hiyo hiyo. Nilimsindikiza hadi kwenye lifti. Alikuwa amebeba sanduku la karatasi, akalishusha chini ili aweze kuinama vizuri kuniaga.

"Dada, kuna kitu kimoja sielewi," alisema. "Katika video zangu sikuwahi kutaja kampuni. Ni nani aliyewaambia?"

"Sijui," nilisema.

Alinitazama. Sijui aliona nini. Lifti ikafunguka, akachukua sanduku lake akaingia. Nimemwandikia mara tatu tangu wakati huo na hajajibu, na ukurasa wake wa video haupo tena.

Zile sekunde tisa zipo. Zimekuwa kipicha cha kuchezacheza ambacho watu hutumia wakitaka kusema kitu kinanuka, na hakibagui tena lugha wala nchi. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja, mtoto wa hapa hapa, mweusi kama sisi, alikituma kwenye kundi la darasa la binti yangu kukejeli samaki wa mwenzake. Binti yangu alinionyesha. Aliufunga ule ukurasa wake wa mashabiki, lakini waimbaji wake bado anawasikiliza kwa vipokea sauti, na nikipita karibu hupunguza sauti kana kwamba nimemfumania. Hatujawahi kulizungumza jambo lile tena. Najua ningepaswa kumwadhibu. Kila nikijiandaa, nakumbuka yale maneno ya kwenye treni, na kwamba aliyabeba peke yake siku tatu ili nisiyasikie.

Meza inayotazamana na yangu sasa ina kijana mpya kutoka Seoul. Wiki ya kwanza nilimuuliza kama ameshatembea, kama ameona masoko ya Newtown. Alisema bado, na kwamba wamepewa maagizo kabla ya kusafiri: wasipige picha yoyote wakiwa na wenyeji.

"Mimi si mwenyeji," nilimwambia. "Natoka Kenya."

Aliinama akaomba radhi, akaomba tena, kisha akarudi kwenye kompyuta yake.