Vijiti vya Mninga

Leo nimepita karakana moja ya useremala mtaani Nkuhungu, mafundi wakiranda mbao za mninga, na harufu ile ikanirudisha uani kwetu kijijini Mvumi. Mama alikuwa amekata vijiti vya mninga wa mwisho uliobaki kilimani, akavichomeka pale uani kwenye mchanga alioutoa korongoni na kuvifunika kwa nailoni. Utomvu mwekundu ulimkaukia vidoleni.

"Usiviguse, mwanangu, mpaka viote mizizi."

Kila asubuhi alipokwenda kuchota maji, nilivichomoa kimoja kimoja nione kama vimeota, kisha nikavirudisha palepale. Vyote vilikauka.

"Ni mchwa, mama," nilisema.

Aliamini. Alimwaga majivu kuwafukuza, akachukua panga, akarudi kilimani kukata vingine. Alikuta kisiki, bado kinatokwa na utomvu.