Giligilani kwenye Dumu la Mafuta

Mama alikuja kukaa nami mjini Chapwa kwa sababu ya kidonda cha mguu. Daktari alitaka kisafishwe kila baada ya siku mbili mpaka kifunge, na kutoka kwake milimani Ileje hadi hospitali ni mbali. Wiki ya pili nikamkuta anafunga mzigo.

"Mwanangu, hapa naamka, nakaa, nalala. Kwangu hata kuku wananihitaji."

Shamba la kumpa sikuwa nalo. Nilikuwa na uwanja wa saruji, dumu la mafuta lililokatwa ubavu, na giligilani nzima za pilau. Nikamuuliza kama zinaweza kuota. Alikuwa hajawahi kuzipanda. Akaibana punje moja kwa kucha, ikapasuka katikati.

"Kumbe ziko mbili!" akasema. Mzigo ukabaki umefungwa nusu.

Ukitaka kujaribu, anzia hapo. Kila punje ni ganda lenye mbegu mbili. Zibingirishie chupa taratibu zigawanyike bila kusagika, ziloweke mpaka kesho yake, kisha zifukie kina cha pingili moja ya kidole. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Halafu subiri, na kwa baridi yetu ya mwezi wa saba, subiri zaidi.

Siku ya tisa dumu la Mama lilikuwa bado udongo mtupu. Mpangaji mwenzetu alipita na ndoo yake ya maji.

"Bibi, umepanda au umezika?"

"Nimezika kiherehere chako," Mama akajibu. "Naona hakijaoza."

Siku ya kumi na tatu vikatokeza vijani vyembamba, viwili viwili, kama ulimi wa ndege. Mama aliniita kwa sauti, nikadhani ameanguka.

Kosa lilitokea nikiwa kazini. Miche ilipofika urefu wa kidole, Mama aliifanyia kama alivyozoea kufanyia kabichi na vitunguu: akaing'oa, akaihamishia kwenye ndoo kuukuu kwa mistari, kila mmoja na nafasi yake na majivu kidogo. Hata mimi ningefanya hivyo. Kwetu mche ambao haukuhamishwa huonekana umelelewa na mvivu. Michache ilibaki kwenye dumu kwa sababu tu ndoo ilijaa.

Hiyo michache ndiyo iliyotufundisha. Ilinenepa majani, tukaanza kuyakatia kachumbari. Ya kwenye ndoo ilirefuka, ikawa na vijani kama nyuzi, kisha ikatoa maua meupe. Giligilani ina mzizi mmoja mrefu usiopenda kuguswa. Ukiukata, mmea huona maisha ni mafupi, hukimbilia kuzaa.

"Nimeharibu," Mama akasema. "Mkono wangu umekufa huku mjini." Akavuta mzigo kutoka chini ya kitanda. Kidonda kilikuwa bado wazi, upana wa kifuniko cha soda.

Nikamuuliza, "Mama, hayo maua si ndiyo mbegu?"

Akaachia mzigo. "Zitakauka lini?"

"Sijui. Mimi pia sijawahi kuziona."

Ulikuwa ukweli, na nadhani ndio uliomshika. "Basi nizione," akasema, akausukuma mzigo kwa mguu mzima.

Kila asubuhi aliinama juu ya ndoo, hata siku za kwenda kusafishwa kidonda. Punje mbichi zilipotokea alizinusa, akakunja uso.

"Zinanuka kunguni! Na hizi mnatia kwenye pilau?"

Zilipogeuka rangi ya udongo, harufu nayo iligeuka. Hilo lilimshangaza kuliko yote, akawa ananusa leo na kesho alinganishe.

Kidonda kilifunga kabla ya mbegu kukauka. Muuguzi alimwambia sasa anaweza kwenda nyumbani. Mama akaniambia, "Bado zina unyevu," akakaa siku nane zaidi.

Asubuhi ya safari alifunga nusu ya mbegu kwenye pindo la kitenge. Nusu nyingine alizibingirishia chupa mwenyewe, akaziweka kwenye kikombe cha maji.

"Kesho uzipande kwenye dumu," akasema. "Na usizihamishe, tafadhali."