Samaki Yangu na Neno "Förlåt"

Basi huyo mwanaume akampiga mke wake kofi ya pili, mdomo ukapasuka, damu ikachuruzika mpaka kwenye kiti.

Ndani ya treni ya kwenda Vällingby, huku Uswidi, leo, mchana kweupe!
Watu wote wanaangalia dirisha.

Mwalimu wetu wa Kiswidi alitufundisha: hapa heshima ni kutosumbua mtu. Ukipewa kitu, "tack". Ukitaka kupita, "ursäkta". Ukikosea, "förlåt". Mwalimu muzuri, ila kahawa yake, Mungu wangu, chungu kama kwinini.

Mi nilikuwa na samaki ya barafu kwenye mufuko, ngumu kama jiwe.
Yule mwanaume akakunja ngumi.
Nikasema "ursäkta", nikamtwanga nayo kichwani.
Akanigeukia. "Ursäkta" tena, ya pua. Akaanguka chini, pu!

Sasa sikieni. Yule mama, damu kwenye meno, anageukia abiria: "Förlåt. Förlåt."
Yeye ndiye anaomba musamaha!
Hapo ndipo nilikasirika kabisa. Nikamkanyaga yule mwanaume mukono: hilo neno ni lako wewe, litoe!
Akalitoa, analia.

Yule mama alinishika mukono, tukashuka pamoja. Yuko hapa jikoni kwangu, anakunywa chai.

Nyinyi mungefanya nini? Andikeni hapo chini, mjukuu wangu Neema, huyu anayeniandikia, atanisomea. Na ile samaki, nimeshaiosha, nitai…

Mwanangu anaita kutoka mulangoni: "Mama, kuja! Polisi!"

Haya, naenda. "Tack" nitawaambia.
"Förlåt", hapana.