Mtu Aliyesahauliwa Kwenye Kitabu cha Behewa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata kama nimekaa lazima nisimame. Ni siku tuliyomaliza kusoma Kitabu cha Behewa pale kwa Fundi Kilonzo, Voi, tukagombana nusura tuvunje cherehani. Nyinyi mnagombania mpira. Sisi tuligombania riwaya, na nakuambia ilikuwa raha ambayo sijaionja tena.

Nilikuwa msichana, mwalimu mgeni katika shule moja ya msingi pale mjini, nimeshuka kutoka kwetu Chawia, kwenye vilima vya Taita, na sanduku moja na mdomo mrefu. Miaka hiyo ya sabini treni ya abiria ilikuwa ikisimama Voi na watu wakisahau humo kila kitu, mpaka viatu. Kitabu hicho kilisahauliwa hivyo hivyo. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mbele, kwa hiyo hatukujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Mwakio, karani wa stesheni aliyekuwa mchumba wangu, alikaa nacho akimngoja mwenyewe arudi, na mwenyewe hakurudi. Tukakipa jina sisi.

Kitabu kilikuwa kimoja na wenye hamu ni wengi, basi tukapatana kisomwe kwa sauti jioni, kazi zikiisha, barazani kwa Fundi Kilonzo. Msomaji nilikuwa mimi, maana sisi walimu hatuchoki kusikia sauti zetu. Fundi alishona huku akisikiliza, na tukifika penye utamu mguu wake ulisahau kukanyaga. Mama Zainabu, aliyeuza mahamri mlango wa pili, alisogeza karai lake karibu nasi siku ya kwanza na hakulirudisha tena. Wateja wake walimfuata huko huko.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Zakayo, kibarua wa reli, anaingia kwenye behewa kuukuu kujikinga mvua. Mlango unajifunga. Anapotoka, amerudi zama za babu yake, na kesho yake askari watapanda mlima mmoja, wachome nyumba zote, wawachukue watu wote, vikongwe kwa wachanga, wawapeleke pwani ambako wengi watakufa kwa homa. Zakayo anayajua hayo kwa sababu mama yake alizaliwa huko uhamishoni. Akiwaonya watu, wataokoka. Lakini wasipohamishwa, mama yake na baba yake hawatakutana kamwe, naye huenda asizaliwe. Ana usiku mmoja wa kuamua.

Mwandishi hakuutaja ule mlima, na hakuwa na haja. Kila mtu wa Taita aliyesikia aliuona Kasigau palepale, kwa kuwa ndivyo serikali ya mkoloni ilivyowafanyia watu wa Kasigau wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, ikiwashuku kuwasaidia Wajerumani. Iliwahamishia Malindi, wakarudi baada ya miaka mingi wakiwa wamepungua.

Sasa nikuambie kilichokuwa kikiniwasha mimi. Mwakio ni wa Kasigau. Bibi yake, Bibi Wakesho, alihamishwa akiwa mtoto, na mama yake akazikwa huko huko Malindi. Kijana aliyewatangulia askari, akawaonyesha njia ya kupanda mlima, alitoka kwetu Chawia, na jina lake Mwasaru. Mwasaru ndiye babu yangu, baba mzazi wa baba yangu. Haikuwa siri hata kidogo, vilima vizima vilijua. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka jambo hilo mbele ya mtu yeyote.

Tulipotaka kuoana, wazee wote waliafiki isipokuwa Bibi. Unajua desturi yetu: mzee mwenye hasira moyoni ni lazima atase kabla bibi arusi hajaingia nyumbani. Huchukua maji ya miwa mdomoni, akayapuliza nje kwa nguvu, akasema kwamba hasira imetoka na sasa anawatakia heri. Hasira ikibaki ndani, watoto wataugua. Bibi hakukosa kanisa hata Jumapili moja, lakini hili la kutasa hakulifanyia mchezo. Tulimpelekea kikombe, akakirudisha kimejaa vilevile.

"Simchukii huyu msichana," alisema. "Lakini nikitasa kwa mdomo na moyo umekataa, nitakuwa nimewatilia sumu. Siwezi kuwadanganya."

Harusi ikakwama. Mimi nikawa kila nikimwona Bibi napiga magoti kumwomba msamaha, hata sokoni, mbele ya wauza nyanya.

Tulikuwa katikati ya kitabu ndovu walipoingia shambani kwa Bibi wakamaliza mahindi yote, na Mwakio akamleta Voi akae naye kwa muda kwenye nyumba za reli. Jioni hakuwa na la kufanya, akaja naye barazani. Alikaa na ungo wake akiambua kunde. Lo! Nilisoma siku hizo bila kuthubutu kuinua macho upande wake.

Basi ikafika ile jioni ya mwisho. Nimebakiza sura moja, Fundi akanizuia mkono.

"Usisome kwanza," akasema. "Kila mtu aseme yeye angefanya nini. Mimi huyu Zakayo ameniudhi kabisa. Ako na usiku mzima, anazunguka tu na mawazo! Si apige nduru watu waamke?"

"Nduru gani, Kilonzo?" Mama Zainabu akadakia. "Hayo yalikwishapita kwa amri yake Mola. Nani atakayesimama kumsahihisha Mungu kama anasahihisha hesabu za darasa la pili?"

"Amri ya Mungu ama ya Wazungu, mama?"

"Usinitie kufuru mimi, nina mahamri motoni!"

Mwakio alisimama, na alipokuwa na jambo alisimama kama yuko bungeni. Akasema yeye angewaonya watu bila kufikiri mara mbili. Akipotea apotee, mradi mama wa Bibi yake apone.

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Wewe ukipotea niolewe na nani, na cherehani?"

Watu wakacheka mpaka abiria waliokuwa wakingoja basi wakaja kuona kuna nini. Lakini mimi nilikuwa na yangu, nikayasema kwa moto. Nilisema ningekuwa mimi Zakayo, ningemtafuta kijana mmoja wa Chawia usiku ule nikamfunga kamba mpaka vita viishe. Bibi aliinua macho kidogo, akarudi kwenye kunde zake.

Nikasoma. Zakayo anawaonya watu! Wanajificha kwenye mapango ya mlima na mbuzi wao na watoto wao. Askari wanapanda asubuhi na kukuta majivu yaliyopoa. Zakayo anaingia kwenye behewa, na anapotoka ameirudia siku yake, yeye mwenyewe mzima bila mwandishi kueleza vipi, mlima umejaa mashamba na moshi wa majiko, vikongwe wamezungukwa na wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari ya uhamisho. Mwisho.

Ah, mwanangu, ungetuona! Fundi alipiga meza, visanduku vya nyuzi vikaruka. Mama Zainabu, pamoja na amri zake zote za Mola, alipiga kigelegele. Mwakio alikuwa akilia bila aibu. Mimi nilikibusu kile kitabu.

Bibi akaweka ungo chini.

"Mwalimu," akaniita. "Kwa hiyo mama yangu hakupelekwa Malindi?"

"Hakupelekwa, Bibi! Alipona!"

"Na hakuna anayejua kwamba alilia?"

Nikaufunua tena ukurasa wa mwisho; hapakuwa na neno juu ya hilo.

"Kitabu ni kitamu," akasema, "na aliyekiandika ana huruma. Lakini mimi simtaki huyo kijana wenu aje anifutie. Akishafuta, yale yaliyotupata nani atayajua? Mimi sitaki yabadilishwe. Nataka yasemwe. Nataka mtu mmoja tu aliyekuwepo siku ile, asimame mbele yangu aseme, ndiyo, tulikuja, nami niliwaona. Hilo nimelingoja tangu utoto." Kisha akanigeukia na sauti ikawa kali. "Na wewe uache kunipigia magoti. Siku ile wewe ulikuwa wapi? Hata baba yako alikuwa hajazaliwa. Unaniomba msamaha wa mtu mwingine, na mwenye nao yuko hai, anakunywa uji Chawia!"

Nilihisi nimechapwa kofi na kufunguliwa dirisha kwa pamoja. Mwaka mzima nilikuwa nikibisha mlango ambao haukuwa wenyewe! Sikulala kwa furaha na hofu. Jumamosi asubuhi nikakifunga kitabu kwenye kanga, nikapanda Chawia.

Babu Mwasaru alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilimwambia nimemletea hadithi, akafurahi, akakaa kwenye kigogo na panga lake magotini. Nilisoma kutwa nzima. Alisikiliza kama mtoto, akamcheka Zakayo, akauliza behewa lile lilikuwa na magurudumu mangapi. Nilipofika mahali askari wanapopanda mlima, akaliweka panga chini. Nikamaliza. Nikamuuliza ameionaje.

"Huyu mwandishi anajua," akasema. "Lakini amesahau mtu mmoja."

"Nani, Babu?"

"Hao askari ni wageni. Njia ya kupanda mlima waliijuaje?"

Mwanangu, nywele zilinisimama. Wasomaji wote wale wa barazani, kelele zote zile, hakuna aliyeliona hilo. Hata mimi niliyetaka kumfunga kamba kijana wa Chawia sikugundua kwamba ndani ya kitabu hayumo kabisa. Aliyeliona pengo ni yule aliyestahili kukaa ndani yake. Nikamweleza Babu maneno ya Bibi Wakesho, neno kwa neno, bila kumwomba chochote. Aliinuka akamtupia ng'ombe majani yote aliyokuwa amekata. Kisha akasema, "Nitafutie viatu vyangu vya kanisa."

Nilitaka kupiga kelele!

Bibi alikuwa amekwisha kurudi kwake, kwa hiyo tulisafiri mpaka Kasigau kwa lori la saruji, Babu mbele na dereva, mimi na Mwakio nyuma tukitapika vumbi. Tulimkuta uani. Babu hakungoja kiti. Alivua kofia akasema, "Mimi ni Mwasaru. Nilikuwa mbele siku ile."

Bibi akasimama wima. "Sema."

Akasema. Alikuwa kijana, waliambiwa wanatafutwa watu wachache tu waliowasaidia Wajerumani. Alipoona watoto wanateremshwa alielewa, na bado aliendelea kutembea, kwa woga, na kwa sababu alitaka kuonekana wa maana mbele ya askari. Hakujitetea zaidi ya hapo. "Nawaona mpaka leo," alisema. "Kulikuwa na mama mmoja, nyumba yake inaungua nyuma, amekumbatia kuku. Askari akamwambia amtupe, akakataa. Ana mtoto wa kike anamshika nguo."

Bibi akashika mlango. "Kuku wa rangi gani?"

"Mwekundu. Mguu mmoja umefungwa kitambaa."

Bibi akaketi chini mavumbini, akacheka na kulia pamoja. Maisha yake yote alikuwa akiwasimulia watu habari ya kuku yule, kwamba mama yake alimfunga mguu uliovunjika na akambeba njia nzima mpaka kwenye treni, na watu, hata watoto wake mwenyewe, walimwambia ni ndoto za utotoni. Hakuna mwingine aliyekuwa hai aliyekumbuka. Sasa yuko mtu aliyemwona mama yake! "Nguo ile niliishika mimi," akamwambia Babu. "Ni mimi yule." Babu akainamisha kichwa akasema, "Nisamehe, Wakesho," na ndiyo mara pekee katika maisha yangu niliyomwona akilia.

Waliongea mpaka jua likageuka, yeye akiuliza, Babu akijibu, mengine machungu mno siwezi kuyarudia. Kisha Bibi akaita kikombe. Hakutuma mtu atuangalie kama tuko tayari, hakusubiri mkutano wa ukoo. Alivuta maji ya miwa tele, akayapuliza kwa nguvu ambayo sikujua mzee anayo, yakatulowesha mimi na Mwakio na katekista wa watu aliyekuwa anapita njia. "Imetoka!" akapaza sauti. "Hasira imetoka! Oaneni, zaeni, na wawe wazima!" Nilimrukia shingoni nikasahau adabu zote.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Najua wewe pia una usiku unaotamani lingetokea behewa likurudishe nyuma, ubadilishe jambo ulilotenda au ulilotendewa. Soma hadithi za namna hiyo, zifurahie, zigombanie mpaka sauti ikukauke. Lakini ukifunga kitabu, tazama ni nani aliye hai anayengoja kusikia kweli kutoka kwako, umwendee angali na masikio. Usimpelekee visingizio, mpelekee uliyoyaona. Na kosa likiwa si lako, usijitwishe. Mshike mwenye nalo mkono, umsaidie kutafuta viatu vyake. Watu wengi wanaodhaniwa wana roho ngumu hawataki kulipiza chochote, wanataka tu mtu mmoja aseme kwamba yalitokea.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na sikio pana la kupokea. Alete amani kati yako na wenye neno nawe, awalinde wanao na magonjwa, na siku utakayogonga mlango wa mtu na kweli mkononi, akufungulie mwenyewe, angali hai.