Mwenye Nyumba Aonje Kwanza

Sijui nani aliniroga nikakubali. Miaka hiyo ya tisini hoteli yetu pale Malaba ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya foleni ya malori, na mimi nilikuwa na ule uchovu usiotoka hata ukilala. Tuliuza chai, chapati na matumbo. Madereva walikula macho yakiwa nje, foleni isije ikasonga wakaachwa. Basi siku moja akaingia dada kutoka Eldoret, viatu vya visigino kwenye tope lile, akasema anauza waini ya Afrika Kusini na anatafuta mahali pa kuwaonjesha watu wachache wenye uwezo wao. Chakula angelipia yeye. Wakiipenda, sisi ndio tungeachiwa kuiuza hapo mpakani.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda anamenya viazi. Ilikuwa zaidi ya mwaka hajatia pombe mdomoni. Daktari alimwambia wazi kwamba ini lake limefika mwisho, akirudia tu, atakufa. Na kabla ya hapo nilikuwa nimemwokota kwenye mitaro ya Malaba mpaka watoto wa mtaani wakinikuta njiani wananionyesha alipo bila mimi kuuliza. Kwa hiyo nilitaka kumwambia yule dada aende zake salama.

Mume wangu ndiye aliyesema, "Tuchukue hiyo kazi, mama. Kwani kuangalia kunalewesha?"

Tukaichukua. Jumamosi nilichinja kuku, nikapika matoke na mchuzi wa njugu, magoti yakinilalamikia tangu alfajiri. Vitambaa vya meza niliazima kwa akina mama wa kanisa, na sikuwaambia ni vya shughuli gani. Jioni jua likiwa bado juu wageni wakaja, watu sita, wengi wao maajenti wa kupitisha mizigo, na meneja wa benki aliyevaa tai. Mmoja wa wale maajenti alikuwa mwenzake mume wangu wa kwenye chungu, wamevuta pamoja ajono, ile pombe ya wimbi, miaka na miaka.

Yule dada akawafundisha. Shika glasi kwenye mguu wake, nusa, piga funda dogo, lizungushe mdomoni, halafu teme. Akaweka ndoo inayong'aa katikati ya meza. Ndoo ya kutemea mate, haki ya Mungu, karibu na kuku wangu! Nikamsogeza kuku pembeni, mwenye pesa ni yeye.

Hakuna aliyegusa glasi. Dada akafikiri wanaona haya, akacheka kidogo, akarudia maelezo. Mimi nilijua ni nini. Upande ule wa Wateso, chungu cha pombe ya wimbi kikiwekwa, mwenye nyumba ndiye anayevuta mrija kwanza na kumeza, wageni wakimwangalia, wajue hakuna kitu kibaya ndani. Hata sisi Waluhya tuliokaa pale tulikuwa tumezoea hivyo. Nilijua, lakini kwa ule uchovu wangu sikukumbuka mapema.

"Mzee, tunakungoja wewe," yule ajenti akamwambia mume wangu. "Mwenye nyumba aonje kwanza." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo walivyokuwa wakikaa siku zote.

Mume wangu alikuwa ametoka jikoni na sahani. Dada, kwa furaha ya kuona mtu amesema kitu, akampa glasi. Akaipokea. Nikaona kidole gumba kinaipapasa, kinaipapasa, na koo lake likimeza mate. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili.

Niliacha mwiko ndani ya sufuria. "Lete hapa," nikasema, nikaichukua mkononi mwake. "Nani anaamka saa kumi kukanda unga hapa? Mwenye nyumba ni mimi."

Wakacheka. Mimi, ambaye nilikuwa sijaonja chochote zaidi ya divai ya kanisani, nikafanya kama tulivyofundishwa. Nikazungusha, nikatema kwenye ndoo.

Kicheko kikakatika. Yule ajenti akaisukuma glasi yake mbali kwa kidole kimoja. "Mama, wewe mwenyewe unaitema?"

Eh! Mwenye chungu gani anatema pombe yake mbele ya wageni? Dada akaanza kueleza mambo ya Ulaya, anajichosha bure. Nikapiga funda lingine, kubwa, nikameza, nikawafungulia kinywa waone. Ulimi ulinikauka kama niliyetafuna ndizi mbichi. Hapo wakanywa, na hakuna aliyetema.

Halafu dada akafungua chupa ya pili, na nyuso zote zikanigeukia tena. Kila chungu na kuonjwa kwake.

"Zimebaki ngapi?" nikamuuliza.

"Chache tu, mama."

Nikameza ya pili, nikapakua matoke. Nikameza ya tatu, na magoti yakaacha kuuma. Nilikuwa sijapumzika hivyo tangu niolewe. Ndipo nikaelewa alichokuwa anafuata mume wangu kule kwenye chungu, na nilikasirika kuelewa. Yeye alikuwa jikoni anaosha glasi, uso ameugeuza pembeni, mabaki anamwaga nje dirishani.

Wageni wakashiba, wakashukuru, wakasema waini ni nzuri lakini wao ni watu wa bia. Dada akafunga ndoo yake na hatukumwona tena.

Niliposimama kufunga mlango, sakafu ikasogea. Mume wangu akanishika kiunoni, tukaenda nyumbani kupitia nyuma ya malori, mimi nikiimba wimbo wa kwaya kwa sauti yote, matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakinipigia makofi.

"Inua mguu, hapa kuna jiwe," akasema. "Usiangalie watu, angalia njia. Tumekaribia, baba, tumekaribia."

Baba? Nikaacha kuimba. Hayo yalikuwa maneno yangu. Ndiyo niliyokuwa nikimwambia kwenye njia hiyo hiyo, usiku baada ya usiku, nikidhani nimebeba gunia. Kumbe alikuwa ananisikia.