Jumapili Hii Atasoma Mbele ya Kanisa, na Hajui Kusoma

Admin, nifiche vizuri, mimi na shule yangu, maana Kakamega ni ndogo na watu wana midomo.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mwalimu katika shule ya kimataifa inayofuata mtaala wa Uingereza. Kabla ya hapa nilifundisha shule ya serikali huko Khwisero, darasa limejaa hadi mlangoni, kwa hiyo nilipopata kazi hii nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Sasa sina raha. Chakula hakipiti, na mume wangu akiniuliza kitu namjibu kwa ukali bure tu.

Nina mtoto darasani, tumwite Neema. Yuko Year 5, anakaribia miaka kumi. Mchangamfu, na Kiingereza chake kinatiririka mpaka wageni huuliza alizaliwa wapi. Baba yake ni mkulima wa mahindi huko Lugari, kwa hiyo mtoto analala bweni. Ndugu za baba walimcheka sana alipomleta kwetu, eti anajifanya mzungu. Mzee anatamba kijijini kwa sababu ya huyu mtoto.

Shida ni kwamba Neema hajui kusoma. Sisemi anasoma polepole. Hajui!

Mtauliza alifikaje hapo. Shuleni kwetu mtoto harudii darasa, anapanda na umri wake. Hakuna namba, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila muhula tunawaita mezani mmoja mmoja, wote wasome kitabu kilekile, na wengine wanakaa hapo karibu kwenye mkeka wakingoja zamu. Neema siku zote aliomba awe wa mwisho. Walimu walionitangulia walidhani ni aibu, na mimi pia. Kumbe anasikiliza. Wenzake wakimaliza, hadithi yote ameshaimeza, na zamu yake ikifika anaitoa neno kwa neno huku kidole kikitembea kwenye mstari.

Nimejua muhula huu, tena kwa bahati tu. Zamu yake ilipofika kitabu kilikuwa kimechanika, nikamwekea karatasi yenye hadithi nyingine kabisa, haina hata picha. Akasoma ile ya wenzake! Vizuri, na madoido, kidole kinapita juu ya maneno yasiyohusiana kabisa na anachosema. Alipomaliza akaniangalia akitabasamu, anangoja nimsifu. Wueh!

Nilimbakiza tukiwa wawili, nikamwonyesha neno moja fupi. Machozi yakamtoka. "Teacher, usimwambie daddy. Tafadhali. Amewaambia watu wote mimi ndiye najua."

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Nilimwambia, "Madam, huyu mtoto aanze na herufi, apate mtu wa kukaa naye kila siku, na mzazi aambiwe." Hakuinua hata kichwa.

"Kiwango chake cha kusoma kimepanda kila muhula, Mwalimu. Wakaguzi wanakuja hivi karibuni. Unataka niwaambie kilichokuwa kinapanda ni nini?"

"Tuwaambie ukweli."

"Mkataba wako unaisha lini?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za watoto. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawa moto, lakini nikatoka, nikarudi darasani.

Kisha ikaja siku ya wazazi, kabla tu ya kufunga midterm, ile likizo fupi ya katikati ya muhula. Baba Neema alikuja amevaa koti, akakaa mbele yangu, na mkuu wa shule amesimama nyuma yangu. Mzee akaniambia, "Mwalimu, sisi kule kwetu tunaulizanga namba. Hapa hamna namba, na hii ripoti inasema tu anaendelea vizuri. Wewe unakaa na yeye. Niambie, anashika ama hashiki?"

Jamani, aliniuliza waziwazi kabisa. Nami nikasema, "Ana kichwa chepesi sana, Mzee." Si uongo, lakini sikumjibu, na ninajua sikumjibu.

Akacheka kwa furaha. Ndipo akasema Jumapili hii kanisani kwao kuna shukrani ya mavuno, na amemwomba pasta ampe Neema asome somo la siku kwa Kiingereza mbele ya watu wote. Neema alikuwa pembeni yake. Rangi ilimtoka.

Leo mchana, tuko midterm na watoto wako makwao, nikapokea ujumbe wa sauti kutoka simu ya baba. "Mwalimu, Mungu akubariki. Mtoto amesema utamtumia sauti yako ukisoma lile somo, ashike matamshi. Nimeambia ndugu zangu wakuje wote, wakae mbele." Sikuwahi kumwahidi hivyo. Dakika chache baadaye ukaja mwingine, sauti ya chini sana, ni Neema amejificha mahali na simu ya baba yake. "Teacher, soma polepole, nisikose hata neno moja."

Nikituma, Jumapili atang'ara, watampigia makofi, na baada ya hapo ni nani ataamini kwamba huyu mtoto anahitaji msaada? Nisipotuma, atasimama pale mbele ya ami zake wote na kitabu ambacho kwake ni madoa tu. Nikimpigia baba nimwambie yote, kazi yangu imekwenda, na Neema atajua ni mimi niliyemsaliti.

Biblia iko wazi mezani. Nimeshajirekodi aya ya kwanza, nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta. Wazazi, walimu, yeyote anayesoma hapa, msinihurumie, niambieni tu: nimtumie mtoto sauti, au nimpigie baba yake?